Siku Tovuti Yangu Ilipompandishia Mgeni Mabega

Nianze na aibu yenyewe, maana waliokuwepo siku ile wataisimulia hata nikinyamaza, na wakiisimulia wao wataniongezea machozi ambayo sikulia. Ni mimi, mwalimu wa kompyuta, mtu ambaye kila wiki husimama katika ukumbi wa kanisa hapa Overport kuwaambia watu kwamba kompyuta haina nia mbaya na mtu, ukiielewesha polepole itakusikiliza, ni mimi huyo huyo niliyejenga tovuti iliyomwambia mgeni kutoka Japani, mbele ya mchungaji, kina mama wa kwaya na nusu ya Wakongo wa Durban (haya, tuseme robo), kwamba katika yadi ya Papa Anselme hakuna kitu, huku mgeni mwenyewe amesimama katikati ya injini zilizopangwa kupita urefu wake. Na haikumwambia hivyo tu. Ilimpandishia mabega.

Mabega nitayaeleza. Kwanza niwaeleze Papa Anselme.

Papa Anselme ni Mkongo wa Uvira, ameishi Durban miaka mingi kuliko mimi (mimi ni Mkenya, nilikuja kusoma, masomo yakaisha, nikabaki), na ana yadi kule Queensburgh anakouza spea za magari ya Kijapani yaliyotumika: injini, milango, rejeta, taa, vioo vya pembeni. Vitu hivyo huja kwa kontena kutoka kwa kampuni moja ya Japani, nayo humpa kwa amana, yaani wanamletea, anauza, anawaeleza kilichotoka na kilichobaki, wanamletea tena. Kwa miaka yote hiyo hakuna kilichowashikanisha isipokuwa neno lake. Sasa kukatokea wakala wao wa mji mwingine, mtu nisiyemjua na nisiyetaka kumjua, akawaandikia kwamba ghala lake ni tupu, kumbe vitu alikuwa amevihamishia kwake kimyakimya. Kampuni ikashtuka, ikaamua kumtuma mtu apite kwa kila wakala ajionee kwa macho yake kama kilichotumwa kipo. Akiridhika, kontena zinaendelea. Asiporidhika, yadi inafungwa, na pale Queensburgh kuna watu tisa wanaolisha nyumba zao kutokana na yadi ile.

Kwa hiyo Papa Anselme akanijia baada ya ibada, kofia mkononi, akaniambia maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka nataka kujifunika shuka.

"Maman Mwalimu, huyu monsieur wa Japon akikuja, sitaki asikie mudomo yangu. Mudomo ya kila mutu inaweza sema uongo. Nataka site. Kila kitu iko mule ndani, atafute yeye mwenyewe, mashine imujibu."

Nikamwambia hilo ni jambo dogo. (Ogopeni mtu yeyote anayesema hilo ni jambo dogo, hasa akiwa mimi.)

Akanitumia orodha ya mali yote iliyopo, faili lililotoka Japani, na hapo ndipo nilipokutana na herufi zilizonivuruga akili kwa uzuri wao. Naomba mnivumilie nizieleze, si ngumu, na bila kuzielewa hamtauona ujinga wangu kwa ukubwa wake wote.

Wajapani wana mwandiko unaoitwa katakana, wanaoutumia hasa kuandika maneno waliyoyapokea kutoka nje, na maneno ya magari mengi yalitoka nje, kama yetu. Sisi tulipokea breki na injini tukazivalisha kanga, wao wakazivalisha kimono. Kwa kawaida kila herufi ya katakana inakaa ndani ya mraba wake, mpana, imestarehe, hivi: ブレーキ. Hiyo ni breki. Lakini zamani, kompyuta zilipokuwa na nafasi finyu, kila herufi ilipewa kijichumba kimoja tu, na vijichumba vyenyewe vilikuwa vimejengwa kwa kipimo cha A na B na C. Mwandiko wao mwingine, wenye alama maelfu kwa maelfu, haukuingia kabisa. Basi walifanya nini? Walichukua katakana wakazibana, kila herufi ikapunguzwa upana hadi nusu, ikasimama kwenye mstari mmoja na ABC bila kusukuma mtu, hivi: ﾌﾞﾚｰｷ. Na yale matone mawili mnayoyaona, ambayo kwenye herufi pana yamekaa begani pale juu, kwenye herufi nyembamba hayakupata pa kukaa, kwa hiyo wakayapangia chumba chao wenyewe jirani. Ndiyo maana breki pana ina herufi nne, nyembamba ina tano.

Niliziangalia siku nzima. Mnajua ile familia inayoishi chumba kimoja kule Point, vitanda vimepandishwa juu ya matofali ili masanduku yalale chini, na bado mgeni akija anapata godoro na sahani? Ndivyo nilivyoziona. Watu walinyimwa nafasi, hawakusema basi tutaacha kuandika kwetu, walijibana wakaandika. Na herufi zenyewe hazijafa, ziko bado kwenye risiti, kwenye lebo za viwandani, kwenye orodha za kampuni za zamani kama ile ya Papa Anselme. Hata vijana wa mtandaoni wamezigeuza picha: ﾉ inakuwa mkono ulioinuliwa, ﾂ inakuwa uso unaotabasamu. Nikaona mmoja wamemtengeneza hivi: ¯\_(ﾂ)_/¯. Ni mtu amepandisha mabega, viganja juu, kama anayesema sijui bwana, ndiyo dunia. Nikacheka peke yangu jikoni. Nikamchukua nikamweka kwenye ukurasa ambao hutokea pale mtu anapotafuta kitu kisichopatikana. Neno moja, Hatuna, kwa herufi kubwa, na chini yake yule mtu wa mabega. Nilijiambia hakuna atakayewahi kumwona, maana vitu vyote vipo.

Sasa uamuzi. Kila mwongozo wa kutengeneza tovuti unaogusia herufi hizi unakushauri jambo moja: zikiingia, zinenepeshe. Yaani zibadilishe ziwe pana kabla ya kuzihifadhi, kwa sababu machoni pa kompyuta herufi nyembamba na ndugu yake mpana ni watu wawili wasiojuana. Ni mstari mmoja wa msimbo. Nilikuwa naujua. Nilikuwa nimeufundisha. Lakini nikatazama jinsi zile nyembamba zilivyojipanga kwenye skrini ya simu, jina zima la spea kwenye mstari mmoja bila kuvunjika, nikasema, hapana, nitaziacha hivi hivi, zimependeza. Ilikuwa dakika moja, kikombe cha chai mkononi.

(Na msidhani nilipunguza uzito wa ukurasa. Kwenye wavuti wa leo herufi nyembamba ina uzito ule ule wa nene, na ikiwa na matone yake pembeni inazidi. Wembamba wake ni wa macho tu.)

Kisha kwa sababu mapenzi hayana breki, nikaanza kuzitumia hadi ndani ya msimbo wenyewe, yale maagizo ya kompyuta ambamo kila kitu hukaa kwenye sanduku lenye jina. Pale ambapo mtu mwenye akili angeliita sanduku la breki "breki", mimi nikaliita ﾌﾞﾚｰｷ, kwa kunakili kutoka kwenye orodha na kubandika, maana kibodi yangu haina hata herufi moja ya hizo. Kompyuta ilikubali bila neno. Nikajiona fundi.

Nikajaribu. Nilinakili jina kwenye orodha, nikabandika kwenye sehemu ya kutafuta, likapatikana. Nikanakili lingine, likapatikana. Majina sitini, yote yakapatikana. Hamjaona bado? Nilikuwa najaribu kufuli kwa ufunguo nilioukuta umening'inia kwenye kufuli hilo hilo. Papa Anselme alinipigia kuniuliza kama ningependa kuja yadini kwa saa mbili tu, tupite naye rafu kwa rafu, lebo kwa lebo, anionyeshe. Nikamjibu kwa upole wangu wote wa ualimu: "Papa, wewe pumzika, hiyo ni kazi ya kompyuta."

Siku ikafika, Jumamosi asubuhi, jua zuri. Nilimchukua mgeni kwenye nyumba ya wageni kule Morningside kwa kigari changu, jina lake Bwana Hayashi, mzee wa makamo, mfupi, koti la kijivu, boksi la peremende amelishika magotini kwa mikono miwili kama anabeba mtoto. Hakuwa mtu wa maneno. Kila robot (ndivyo taa za barabarani zinavyoitwa huku) ilikuwa nyekundu siku hiyo, na kila robot mimi nikijaza kimya kwa kumweleza tovuti yangu, naye akitikisa kichwa polepole. Kabla ya kufika aliniambia jambo moja, kwa Kiingereza chake cha taratibu: kwamba safari hii haikumfurahisha, kwa sababu mtu hapendi kwenda kumkagua rafiki.

Yadini walikuwa wamejiandaa kama kwa harusi. Mke wa Papa Anselme, Mama Georgette, alikuwa amepika sombe na makayabu, yaani kisamvu na samaki wa chumvi, tangu alfajiri. Skrini kubwa ya kanisa ilikuwa imefungwa kwa kamba nyuma ya bakkie, ile pikapu ya yadi. Mchungaji akaomba. Kisha nikapewa nafasi ya kueleza, na nyinyi mnanijua nikipewa nafasi ya kueleza. Nikawaambia kila kitakachotafutwa, kwenye simu ya mtu yeyote, kitaonekana papo hapo kwenye skrini kubwa, tusifichane kitu (hiyo nilikuwa nimeiongeza mwenyewe, hakuna aliyeniomba). Nikawaambia pia kwamba endapo kitu kitakosekana, tovuti yenyewe itatuma ujumbe Japani, kule ofisini kwa Bwana Hayashi, kuwaarifu kwamba Durban imeishiwa (hiyo nayo niliiongeza mwenyewe). Wakapiga makofi. Papa Anselme alikuwa amesimama pembeni ndani ya suti yake ya buluu, ananitazama kama mzazi anavyomtazama mtoto anayesoma risala.

Bwana Hayashi akatoa simu yake. Akaandika kwa kidole gumba, haraka, kwa Kijapani chake. Na simu ya Mjapani wa leo ukiiandikia katakana inakupa zile pana.

Kwenye skrini ikatokea ブレーキ. Chini yake, kwa herufi kubwa: Hatuna. Na chini ya hapo yule mtu wangu, mkubwa kama mlango, amepandisha mabega.

Mama Georgette akasema, kwa sauti ya kuuliza kweli: "Mwalimu, ju ya nini inacheka?"

Nikasema ni mtandao. (Mtandao ulikuwa mzima kabisa, naomba msamaha wa mtandao.) Bwana Hayashi akaandika エンジン, injini. Hatuna, na mabega. Alikuwa ameegemea injini. Akaandika ミラー, kioo. Hatuna, na mabega, na pale alipokuwa vioo vya pembeni vilikuwa vimepangwa safu nzima, vyote vikimwonyesha uso wake mwenyewe uliokuwa unabadilika.

Halafu simu yake ikalia. Kule Japani ilikuwa jioni, ofisi haijafungwa, na walikuwa wamepokea jumbe tatu kutoka Durban, moja baada ya nyingine, kwamba hakuna breki, hakuna injini, hakuna kioo. Akasikiliza muda mrefu. Akanigeukia, akaniambia polepole, kama mtu anayetamani awe amesikia vibaya, kwamba ofisi inauliza kama kontena la mwisho lilifika kweli, au lilikwenda mahali pengine.

Ikabidi nimtafsirie Papa Anselme. Niliyatafsiri maneno hayo neno kwa neno nikitazama viatu vyangu. Alichotaka ni kitu kimoja tu, mashine imshuhudie, na mashine niliyomjengea ilikuwa imemwita mwizi mara tatu mbele ya kanisa lake.

Nikakimbilia kompyuta yangu, nikakaa juu ya injini, nikafungua msimbo. Na hapo, jamani, nikakuta nimejifungia nje ya nyumba yangu. Masanduku yote yalikuwa na majina membamba mazuri, nami sikuweza kuyasoma, wala kuyaandika, wala kuyatafuta, maana ili kutafuta lazima uandike, na ili kuandika lazima niwe na kibodi ya Kijapani. Nikafuta mstari mmoja niliodhani ndio mkosaji, ukurasa wote ukageuka mweupe kama sanda. Nikaurudisha. Wakati huo kina mama wa kwaya, kwa upendo kabisa, wametoa simu zao wanisaidie, mmoja anaandika breki kwa Kiswahili, mwingine engine kwa Kiingereza, mwingine moteur kwa Kifaransa, na kila mmoja anajibiwa Hatuna, skrini inapandisha mabega kama mtu mwenye kwikwi, na kila bega linatuma ujumbe mwingine Japani. Simu ya Bwana Hayashi haikupumzika.

"Wekeni simu chini," Mama Georgette akawaambia. "Munatuuza."

Wakaziweka. Bwana Hayashi alikuwa ameandika jina la mwisho, nadhani zaidi kwa huzuni kuliko kwa kutafuta, likabaki pale juu: ラジエーター. Papa Anselme akatembea hadi mbele ya skrini, mikono nyuma, akalitazama jina lile kama unavyotazama uso wa mtu unayedhani mlisoma naye.

"Iko," akasema.

Akaenda safu ya tatu, akarudi na rejeta begani, na suti yake ile ya buluu, akaiweka chini mbele ya viatu vya mgeni, lebo imetazama juu. Kwenye lebo: ﾗｼﾞｴｰﾀｰ.

Bwana Hayashi akatazama lebo. Akatazama skrini. Akamtazama Papa Anselme. Kisha akaandika lingine: ドア. Mashine ikapandisha mabega. Papa Anselme akasoma, akasema "Iko," akaenda, akarudi na mlango. Akaandika taa, ikaja taa. Akaandika breki tena, zikaja breki, mkono huu na mkono huu. Kufikia hapo kwaya ilikuwa imeelewa mchezo, kila mashine ikisema Hatuna wao wanaitika kwa sauti tatu, "Iko," na soprano wakiishikilia kidogo mwishoni. Mimi bado nimekaa juu ya injini yangu.

Kisha Bwana Hayashi akaandika ワイパー. Papa Anselme akaitazama. Akaitazama tena. Kwaya ikavuta pumzi.

"Hii haiko," akasema. "Ya mwisho ilitoka wiki ilipita. Mwambie nilibaandikia." (Kwao "wa" mara nyingi hugeuka "ba".)

Nikamwambia. Bwana Hayashi akatoa daftari dogo kwenye mfuko wa ndani wa koti, akafungua, akashuka na kidole hadi mahali fulani, kikasimama pale. Waipa zote zilikuwa zimeuzwa, na taarifa ilikuwa imefika. Akafunga daftari. Na mtu yule ambaye tangu asubuhi hakuwa ameonyesha meno alitabasamu, akaniomba nimuulize Papa Anselme alijifunzia wapi Kijapani.

Papa Anselme akashangaa. Akasema hajui hata neno moja. Hajui jina linatamkwa vipi, hajawahi kulisikia. Ila amefungua kontena miaka kumi na mitano, na kwenye kila kitu kuna lebo, na mtu ukimwona usoni miaka kumi na mitano utamjua hata kama hamjawahi kusalimiana.

Lakini mimi nilikuwa nimenyanyuka, maana kuna kitu hakikunikaa. Nikamwambia, Papa, ngoja, lebo zako zote zina zile herufi nyembamba. Kwenye skrini amekuandikia pana, na wewe pana hujawahi kuletewa. Umezijuaje?

Akanitazama kwa huruma. Akanyoosha kidole kwenye lebo, kisha kwenye skrini.

"Mwalimu, ni mutu moja. Pale iko mwembamba, hapa amekula fufu amenenepa. Na ile matone mbili, pale inatembea pembeni yake, hapa ameibeba kwa bega. Lakini ni yeye."

Kilichoishinda kompyuta yangu kilimchukua Papa Anselme nukta moja, amesimama juani na suti. Ulikuwa ndio mstari ule ule mmoja niliokataa kuuandika kwa sababu ya chai na uzuri. Lugha ya wavuti inayo amri ya kazi hiyo hasa, inaitwa normalize, unaipa herufi nne, NFKC, nayo inachukua kila mwembamba aliyekuja mlangoni, inamlisha fufu, inampandishia matone yake begani, wote wanaingia ndani wakiwa wa umbo moja. Unaiweka pale orodha inapoingia, na tena pale mtu anapotafuta. Basi. Shida ni kwamba sikuweza kuziona sehemu hizo kwenye msimbo wangu mwenyewe, kwa ajili ya yale majina.

Nikarudi kwenye injini yangu. Papa Anselme akavuta tairi, akaketi kando yangu, akainama kwenye skrini ya kompyuta. Mtu huyu hajawahi kuona msimbo maishani. Akaanza kunisomea, kidole kikishuka: hiyo ni breki, hiyo taa, hiyo mlango, hapo umeandika rejeta mara mbili Mwalimu, ni sawa? (Haikuwa sawa. Lilikuwa kosa jingine, la kwangu, ambalo sikuwa hata nimelijua.) Tukafika pale pa kutafutia. Nikaandika mstari wangu. Nikaurudia kule juu. Nikamwomba Bwana Hayashi ajaribu mara moja zaidi, nami nikafumba macho, sioni aibu kuwaambia.

Niliisikia kwaya kabla ya kuona. Nilipofungua macho skrini ilikuwa imejaa breki, upande hadi upande, mistari kwa mistari, kila moja na rafu yake.

Eish, nilisimama, nikakaa tena.

Bwana Hayashi akaipigia ofisi. Aliongea kwa muda, akicheka katikati, akizunguka yadi na kuwaonyesha kwa kamera ya simu: hii hapa, ile kule. Alipomaliza akanieleza jambo ambalo aliniomba nimfikishie Papa Anselme vizuri, nisiliharakishe. Akasema mashine inayochapa zile lebo nyembamba ni ya zamani sana, yeye aliikuta alipoanza kazi akiwa kijana, na leo ni yeye peke yake ofisini anayejua kuilisha karatasi. Vijana wa ofisini wanataka itupwe, wanasema hakuna mtu anayesoma herufi zile siku hizi. Akasema, "Nitawaambia kuna mtu Durban anazisoma."

Nilimtafsiria Papa Anselme polepole kama nilivyoombwa. Alitoa leso akapangusa vumbi la rejeta kwenye bega la suti, akachukua muda mrefu kuliko vumbi lenyewe. Kontena, alisema Bwana Hayashi, litakuja kama kawaida, na yeye hataagizwa tena kuja kukagua. Akija atakuja kwa makayabu. Mama Georgette alikuwa tayari amemwekea sahani, fufu kama kichwa cha mtoto, na mgeni alipojaribu kukataa nusu yake, Mama akamwambia ale, anenepe, tusije tukakosa kumtambua. Nililitafsiri hilo pia. Aliila yote.

Nami niliongea na wale waliotaka kunipongeza kwa tovuti, maana walikuwepo, wema wa watu hauna mwisho, nikawaambia kila mmoja ukweli.

Tangu siku hiyo nimejiapiza mambo. Yule mtu wa mabega nilimfuta Jumamosi ile ile, nikiwa bado nimekaa juu ya injini, na sitamweka tena mahali ambapo mtu anakuja na shida yake. Herufi nyembamba bado nazipenda, nazipenda zaidi ya zamani, ila nazipenda kama unavyompenda mgeni: unamfungulia mlango, unamlisha, humwachi amesimama barazani kwa sababu anapendeza pale. Na wanafunzi wangu wa kila wiki sasa nawaambia jaribuni kazi zenu kwa simu ya mtu mwingine, inayoandikiwa kwa kidole cha mtu mwingine, na mwenye kazi akikwambia njoo kwa saa mbili tupite rafu kwa rafu, acha chai uende. Nawaambia pia ni nani alinifundisha. Wengi wao ni wa kanisa letu, walikuwepo, wananisaidia kumalizia.

Kitu kikipatikana kwenye tovuti ile siku hizi, inajibu "Iko." Kisipopatikana inasema umuulize Papa Anselme. Na orodha mpya ikitoka Japani, ananipigia kabla hajaifungua, hasemi faili, hasemi email.

"Maman Mwalimu," anasema, "bale bembamba bamefika."

Nami naweka kikombe chini, natafuta ufunguo wa gari, naenda Queensburgh.